Jina la Mtu wa Nyundo

Motere haiwezi kunidanganya. Ninasema hivyo mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya maingeniera wa migodini wanaoshuka kwenye magari yao makubwa na viatu visivyo na vumbi. Washa motere, nipe fimbo yangu ya chuma, ncha moja niiweke juu ya kifuniko cha motere, ncha ya pili kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio langu, halafu mnyamaze wote. Nitakuambia kama ugonjwa ni ruloma, yale mapete ya chuma yenye gololi ndani, au ni mhimili uliopinda, au ni nyaya za shaba zilizoanza kuungua. Kuna waliobisha, wakacheka, wakaondoka na motere zao. Walirudi wakizisukuma kwenye mkokoteni.

Kiswahili hiki ninachoandika nimekiokota kanisani na kwenye redio, kwa sababu shule niliiacha ningali navaa kaptula. Sioni haya. Atelie yangu, yaani karakana, iko mtaa wa Hewa Bora, na jina langu limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kiasi kwamba mtu aliye ng'ambo ya barabara halazimiki kukaza macho. Nyumba yangu iko Karavia. Watoto wangu wote wamesoma. Ukiniuliza nani alinipa hivyo vyote, kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja tu, na nilikuwa nalitoa upesi kama mtu anayetoa kitambulisho barabarani: hakuna. Mimi mwenyewe.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alitoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana, akaingia kampani, wakampa nyundo yenye mpini mrefu. Kazi yake ilikuwa hii: treni ikisimama, yeye anashuka kati ya mabehewa, anatembea kutoka mbele mpaka nyuma, na kila gurudumu analigonga mara moja. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama mtu mwenye mafua. Akisikia mafua anaweka alama ya chokaa, na lile behewa halitoki. Basi. Hivyo ndivyo alivyoishi. Watu wa kambi ya reli hawakuwa wanamwita kwa jina lake, walikuwa wanamwita mtu wa nyundo.

Alipostaafu aliirudisha ile nyundo. Nilimwona akiifuta kwa kitambaa, akaibeba begani mpaka ofisini, akarudi mikono mitupu. Nilikuwa mtoto, lakini niliwaza moyoni kwamba mtu anafanya kazi maisha yake yote, na hata chombo cha kazi si chake. Alipokufa, tuligawana shati, rozari, na viti viwili. Ndiyo maana nilipopata mtoto wangu wa kwanza wa kiume sikumpa jina la baba yangu, jinsi desturi yetu inavyotaka. Nilimtafutia jina jipya, lisilo na vumbi la mtu.

Kazi yangu mimi nimeitafuta kwa miguu. Nilianza kufagia kwa patro mmoja, yaani mwajiri, huko mjini, karibu na maduka makubwa, mzungu mzee aliyekuwa anasuka upya nyaya za motere za vinu na pampu. Nilikuwa nafagia, naosha magrisi, napeleka kahawa. Wenzangu wakienda kula saa sita, mimi nilibaki na kipande changu cha mkate na kuzikaribia motere zilizokuwa katika majaribio. Nilizisikiliza. Niliungua vidole kwa verni, rangi ya kuzibia nyaya, nilikatwa na shaba, nilipigwa teke na umeme hadi nikakaa chini nikisahau siku ya juma. Patro alipogundua kwamba mfagiaji anajua ni motere gani itarudi kabla haijatoka mlangoni, aliniondolea ufagio. Alipofunga na kurudi kwao nilinunua meza zake. Nani alinisaidia? Sikuona mtu.

Na walipoanza kuniambia mambo ya damu, kwamba kipaji hutoka kwa wazazi, nilikuwa na jibu lingine tayari: ndugu yangu. Mdogo wangu wa tumbo moja, baba mmoja, bukari ya sufuria moja, yaani ugali. Yule, motere inaweza kuwaka moto mbele yake, na yeye atauliza nani anachoma nyama. Nilimjaribu kwenye atelie msimu mzima wa mvua. Sasa anauza simu kuukuu sokoni, anacheka sana, na kila Jumapili anakula kwangu. Kama ni damu, nilikuwa nasema, mbona yeye hana?

Mwaka huu mvua zilipoanza, mke wa mwanangu alijifungua mtoto wa kiume. Mjukuu wangu wa kwanza.

Inanipasa kueleza desturi hapa, kwa sababu kila kitu kilisimama juu yake. Kwetu jina si sauti tu ya kumwitia mtoto asigongwe na baiskeli. Mtoto hupewa jina la mtu, na huyo mtu anakuwa ndoyi wake, somo wake. Watu wanamwangalia mtoto na kumtafuta mtu ndani yake. Akikasirika upesi, watasema, ni yule yule mzee. Ukimpa mtoto jina la baba yako, hata awe na siku moja, wewe unamwita baba na unamsalimia kama baba. Na anayelitamka jina mbele ya ukoo ni baba wa baba wa mtoto. Yaani mimi. Mwanangu anaweza kuomba, mke wake anaweza kutamani, lakini neno linatoka katika kinywa changu, na likishatoka halirudi.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Mtoto atakuwa ndoyi wangu. Kile nilichokijenga kwa mikono hii kingepata mtu wa kutembea nacho nikiwa mchangani.

Mwanangu alikuja Karavia kuniona, akakaa kwenye kiti cha mbele yangu, mikono katikati ya magoti. Yeye ni ingeniera, anafanya kazi mgodini, anazungumza Kifaransa cha kuandikwa, lakini akiwa nami anaongea kama tunavyoongea.

"Papa," alisema, "tuko tunafikiri juu ya jina ya mutoto."

"Munafikiri nini? Jina iko. Iko ku ukuta ya atelie, rangi nyekundu."

"Yako iko muzuri, papa. Lakini ingali na mwenyewe. Iko inatembea, iko inakula, iko inafokea bantu kazini. Ya nkambo njo haina muntu."

Nkambo ni babu. Alikuwa anasema juu ya baba yangu.

"Haina muntu juu iko mubaya," nilimjibu. "Ule muzee alirudisha hata nyundo. Unataka mutoto apate nini mule? Viatu ya kupasuka?"

"Apate ndoyi, papa. Ni ile tu."

"Mie njo nilikusomesha, ao ni nkambo?"

"Ni weye, papa."

"Basi."

Hakubisha. Alinyanyuka, akaniaga vizuri kwa heshima, na akaenda kumsalimia bibi yake kabla ya kuondoka. Mimi nilibaki nimekaa, nimeshinda, na kahawa yangu ilikuwa imepoa.

Mama yangu anaishi kwangu, katika chumba cha upande wa bustani. Ni mzee sana sasa, lakini bado anachagua maharagwe mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu mwingine kuona mawe. Nilikwenda kwake nikitaka aseme kwamba nina haki.

"Mie niko mugeni mu ukoo yenu," alisema bila kuinua macho. "Jina ni mambo ya banaume."

"Lakini mama, weye unaonaje?"

"Naona bantu batakuwa mingi na sahani hazitatosha. Uende ununue sahani. Za muzuri. Uende weye mwenyewe, bale batoto bataleta za kupasuka."

Mpaka leo sijui kama alinituma sahani tu, au kitu kingine. Nimemwuliza baadaye, na amenijibu kwamba mtu wa umri wangu akitumwa sahani alete sahani.

Tulienda sokoni Jumamosi, mimi na mwanangu, na mdogo wangu akatukuta huko kwa sababu meza yake ya simu haiko mbali. Mama mmoja alikuwa amepanga sahani za kauri chini, juu ya turubai, moja juu ya nyingine, nyeupe zenye ua la buluu. Nilichuchumaa. Niliinua ya kwanza, nikaisimamisha juu ya ncha za vidole vitatu, nikaigonga ukingoni kwa ukucha. Ililia vizuri. Nikaiweka kulia. Ya pili, kulia. Ya tatu nikaiweka kushoto.

"Papa, unabisha hodi?" yule mama aliniuliza. "Mu sahani hamuna muntu."

Wateja wengine walicheka. Mdogo wangu alicheka kuliko wote.

"Iko muntu, mama," nilisema. "Na huyu wa kushoto iko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini? Angalia na macho, iko muzima kabisa. Banaume ba Karavia, munakuja kuharibia bantu biashara."

"Uigeuze ku jua."

Aliichukua kwa hasira, akaigeuza huku na huku. Halafu akaisogeza karibu na macho. Chini, karibu na duara la kukalia, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele wa mtoto. Aliiweka nyuma yake. Sasa aliniangalia kwa namna nyingine.

"Eh, papa. Nani alikufundisha hii?"

"Hakuna, mama. Mie mwenyewe."

Nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi sana maishani: kwa wateja, kwa mapadri, kwa watoto wangu mezani. Sikuwahi kulisikiliza. Siku hiyo nililisema nikiwa na sahani mkononi na ukucha ukingoni, masikio yangu yakiwa wazi kama yanavyokuwa kazini, na nikalisikia likilia vibaya. Lilitoka lina mafua.

Nyuma yangu mdogo wangu alisema taratibu, na alikuwa ameacha kucheka:

"Yaya, hiyo ni bongo."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa, na bongo ni uongo. Niligeuka.

"Weye unajua nini? Weye sikio hauna."

"Sina. Mama njo aliniambia: papa alikuwa anakugeuza ku ukuta, anakugongea sahani. Mie nani alinigongea? Mie nilizaliwa nyundo imeisha kurudia ku kampani."

Mwanangu alichuchumaa kando yangu. Alikuwa anaziangalia sahani.

Na hapo nilikumbuka, si kwamba nilikuwa nimesahau, bali nilikuwa nimeliweka mahali pasipo na maana, pamoja na michezo ya watoto. Baba anarudi kutoka reli. Ananawa mikono, anakaa kwenye kigoda karibu na mahali mama alipoanika vyombo. Ananigeuza, uso wangu ukutani. Ukuta wa nyumba za kambi ulikuwa na chokaa iliyoacha unga puani. Nyuma yangu anagonga kwa ukucha: kikombe, beseni, sahani, kifuniko.

"Muzima?"

"Muzima."

"Na hii?"

"Iko mugonjwa."

Hakuniambia hata siku moja kwamba nimefanya vizuri. Nikipatia, alienda kwenye chombo cha pili. Nikikosea, aligonga tena kile kile, polepole zaidi, tena na tena, mpaka nikisikie. Mama alikuwa analalamika kwamba tutamvunjia vyombo. Na mimi nilifikiri huo ndio mchezo wa mtu aliyechoka, anayetaka kucheza na mtoto bila kunyanyuka kwenye kigoda.

Tulilipia sahani, tukazifunga kwenye magazeti. Ndani ya gari mwanangu aliendesha na mimi nilikaa kando yake, lile furushi juu ya mapaja yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, na barabara ya kurudi ilikuwa nyekundu kabisa. Alitaka kusema kitu, nikainua mkono, akaacha.

Sikuwa nafikiri kwamba sikufanya kazi. Hilo hakuna atakayelisema mbele yangu. Nilikuwa namfikiria kijana mmoja tuliyefagia pamoja kwa yule patro. Alikuwa mtu wa hapa hapa, ukoo wao ulilima mahindi kabla mji haujafika, na kwa kazi alinizidi. Nasema wazi, alinizidi. Alifika mapema kuliko mimi. Saa sita alibaki nami, mkate wake karibu na mkate wangu, sikio lake kwenye motere ile ile, na alikuwa anakaza uso hadi jasho linamtoka. Hakusikia kitu. Aliniuliza mara nyingi, "Unasikia nini mule ndani, kamarade?" Nilikuwa namwambia kaza tu, kaza, utasikia. Leo analinda lango la ghala moja huko Kampemba, na nikipita ananipigia saluti kwa utani. Siku zote nilijieleza kwamba alikosa bahati. Ndani ya lile gari, na sahani zikigongana polepole juu ya mapaja yangu kila tulipoingia kwenye shimo, sikuweza tena kulitumia neno bahati. Mimi nilikuwa nimefika kwa patro nikiwa nimeshafundishwa. Yeye alikuwa anaanza.

Na sikio lenyewe, je? Lilikuwa katika damu ya baba, au alilitengeneza kwa ukucha wake, pale ukutani? Mdogo wangu angegongewa sahani, angesikia? Sijui. Nimelichunguza hilo kama ninavyoichunguza motere, nikiondoa kifuniko, nikiondoa mhimili, nikitenganisha kila kitu juu ya meza, na hili ni jambo moja ambalo sikuweza kulitenganisha. Kilichotoka kwa damu, kilichotoka kwa nyumba yetu, kilichotoka kwa jasho langu, vimesukwa pamoja kama nyaya za shaba, na ukivuta mmoja unaharibu wote. Lakini kuna jambo nililijua kwa hakika. Nyundo aliirudisha. Lile sikio ambalo nyundo ilikuwa inalifanyia kazi, hakulirudisha.

Jumapili baada ya misa ukoo ulijaa sebuleni kwangu. Wa upande wa mke wa mwanangu walikaa karibu na dirisha, wa upande wetu karibu na mlango. Mtoto alikuwa ametolewa nje kwa mara ya kwanza, amefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mezani kulikuwa na kuku, samaki, bukari chini ya vitambaa, na zile sahani za ua la buluu. Mwanangu alikuwa anaangalia sakafu. Alikuwa amevaa suti, na nilimwona anajiandaa kulisikia jina langu na kulipokea kwa uso mzuri, kama mtoto aliyelelewa.

Waliniwekea mtoto mikononi. Nilikuwa nimeandaa hotuba siku nyingi, hotuba juu yangu, yenye patro na ufagio na vidole vilivyoungua. Ni hotuba nzuri, bado ninaikumbuka. Niliangalia ule uso mdogo wenye mikunjo, na nikajua kwamba nikilitamka jina langu, hakuna atakayenilaumu, na lile lingine litakwisha. Mama atakufa nalo, mdogo wangu atalicheka mara moja moja, halafu litakwisha. Langu lilikuwa na ukuta. Lile halikuwa na kitu, isipokuwa mimi.

Nilitaja jina la mtu wa nyundo.

Mwanangu aliinua kichwa. Hakuna aliyepiga kigelegele mara moja, kwa sababu wengi walikuwa wanangojea jina lingine, na walihitaji kupanga nyuso zao upya. Mdogo wangu alisimama kando ya mlango, na alitoa leso akajifuta jasho, ingawa hakukuwa na joto.

Mama alinyoosha mikono, nikampelekea mtoto. Kwa desturi huyo sasa alikuwa mume wake aliyerudi. Alimpakata, akamwangalia kwa muda mrefu, akamfungua mkono mmoja kwa kidole chake, kiganja kitupu chekundu.

"Bwana yangu," alimwambia. "Ulienda na meno mingi, umerudi hauna hata moja. Na nyundo uliacha wapi?"

Hapo ndipo watu walicheka, na vigelegele vikaja, na wanawake wakaanza kufunua vyakula. Mama yeye hakucheka. Alikuwa anamngoja mtoto amjibu.

Kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa sijamaliza. Nilikuwa sijamsalimia. Watu wa Hewa Bora wote huniita papa au shefu, vijana kwa wazee, na tangu tulipogawana vile viti sikuwa na mtu wa kumwita baba. Nilikaribia, nikainama jinsi tunavyowainamia wazazi, mikono miwili pamoja.

"Jambo, baba," nilisema.

Mtoto aligeuza kichwa upande wa sauti yangu. Wanasema watoto wa siku chache hufanya hivyo wote, na mke wangu, aliyezaa mara nyingi, amenihakikishia. Mimi nimeandika nilichokiona. Alikigeuza kichwa, akatulia, kama mtu anayesikiliza kama kuna ufa.